Mikizi wa Khorini

Dada yangu Masouda hanywi maji kwenye gilasi ambayo hakuiosha kwa mkono wake. Ukimpa, hukwambia ahsante vizuri kabisa, kisha huinuka kwenda kuisuuza. Wasiomjua humwona ana maringo. Wanaojidai kumjua husema ana wasiwasi, ule ugonjwa wa mtu kutia udhu mara tatu na bado akahisi hajatwaharika. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nasema hivi: mwanamke aliyeburuzwa miaka saba kwenye choo cha karavani aachwe asuuze gilasi mpaka siku ya Kiama.

Tulizaliwa Unguja. Tulipohamia Maskati yeye alikuwa msichana mkubwa na mimi bado nang'oka meno ya utotoni, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea, aliyenichana nywele na kunifinya nikiingia ndani na viatu. Akasoma ukubwani, akawa mwalimu wa watoto wa kike Ghubra. Wanafunzi wake walikuwa wakikaguliwa kucha kila asubuhi kabla hawajafungua daftari. Akaolewa na Thabit, mtu wa Unguja kama sisi, fundi wa mitambo katika wizara moja, mwenye sura nzuri na maneno mengi. Wakapata binti mmoja tu, Nawar.

Balaa lilianza pale wizara ilipompeleka shemeji Kanada kwa mafunzo. Wenyeji wake walimchukua wikiendi moja mbali huko kaskazini, kwenye hifadhi yenye ziwa na misitu, na akarudi na albamu ya picha. Ziwa jeusi, miti mirefu iliyochongoka, magari makubwa kama nyumba yamepangwa ukingoni, na Wazungu wenye kaptura wameshika samaki wanachekacheka.

"Kule mtu anakwenda na nyumba yake nzima," shemeji alitwambia, macho yanamng'aa. "Anaamka, anafungua mlango, ziwa hili hapa. Anavua, anakula, analala."

"Na haja wanakwenda wapi?" dada akamuuliza.

"Humohumo ndani."

"Na wanapika wapi?"

"Humohumo ndani."

Dada akaifunika albamu, akaenda kunawa mikono. Angejua yanayokuja angeitia moto.

Mwaka tisini na sita mhandisi mmoja wa Kiholanzi alikuwa anaondoka Oman, akataka kuuza gari lake la nyumba, karavani lenye injini yake, vitanda, jiko la gesi na choo. Shemeji alilinunua bila kumuuliza mtu. Alipolileta mlangoni Ghubra tulisikia harufu kabla hajazima injini. Yule Mholanzi alikuwa na mbwa, tena mbwa wa kulala naye kitandani. Manyoya yalikuwa kwenye magodoro, kwenye mapazia, mpaka ndani ya droo za vijiko. Dada aliliosha karavani zima mara saba, mara moja kwa mchanga, kama sharia inavyotaka, akalifukiza udi mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Alipomaliza lilinuka mbwa aliyefukizwa udi.

Basi ikawa kila majira ya baridi, Jumatano jioni tukitoka kazini, twende Quriyat. Mbele kidogo ya mji kuna khori, ziwa dogo la maji ya chumvi lililotengwa na bahari kwa ukingo wa mchanga, na upande mmoja mikoko imesongamana. Shemeji alipapenda kwa sababu alisema panafanana na kule kaskazini. Sijui kufanana gani. Kule kulikuwa na baridi na miti. Hapa palikuwa na nzi, magamba ya samaki yaliyokauka mchangani, na maji yaliyotulia tuli yenye povu la rangi ya chai pembezoni. Wanaume walikuwa wakitandika mikeka na kuzungumzia fimbo zao za kuvulia. Wanawake tulipasua samaki, tukatumbua matumbo na kufukuza nzi kwa vitambaa, halafu tukaambiwa tumekuja kupumzika.

Lakini hayo yote yangevumilika kama si kile choo.

Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya jiko, ukikaa magoti yanagusa mlango. Chini yake kuna tangi, na ndani ya tangi mnatiwa dawa ya buluu kama wino wa kalamu. Mzungu aliyekiunda alipiga hesabu ya watu wanaojifuta kwa karatasi. Kwao tangi lile hukaa wiki nzima. Sisi tunachamba kwa maji. Shemeji mwenyewe, fundi, alitia bomba la mkono mle ndani na akajisifu kuwa amekisilimisha choo cha Kizungu. Hakufikiri maji yale yanakwenda wapi. Watu sita wakichamba, na wengine wakitilia udhu humohumo kwa uvivu wa kushuka, alasiri tangi limejaa, linachungulia kwenye tundu. Gari likitikisika, linabubujika. Nimewahi kuiona buluu ile ikitambaa chini ya mlango kuelekea jikoni, ambako dada alikuwa anakuna nazi. Hakupiga kelele. Alitwaa mbuzi na kifuu chake, akashuka, akaenda kukuna juani.

Huko Kanada, shemeji alisema, hifadhini pana shimo maalumu lenye kifuniko cha chuma, unaunga mpira, unafungua, unamaliza. Quriyat hapakuwa na shimo. Lakini alitwambia tusijali, amejuana na mtu mjini mwenye gari la kunyonya maji machafu, atampelekea. Na kweli, kila jua likikaribia kutua aliwasha karavani akaenda peke yake. Akirudi tangi tupu, na juu ya hayo ana ndoo ya mikizi, wanene, wenye migongo mipana.

"Nimepita pahala nikatupa mshipi kidogo," alikuwa akisema. Sote tukamwambia mashallah. Jina likamkaa: Thabit wa Mikizi. Ndugu walikuwa wakitoka Sib na Ruwi kuja kula samaki wake. Nimekula na mimi, nikafyonza mpaka vichwa. Nikikumbuka hivi sasa, naandika huku natema mate.

Sasa nije kwa Nawar. Mwaka elfu mbili na tatu alikuwa na miaka ishirini na saba, anafanya kazi benki, msichana mzuri mwenye ulimi mkali kidogo. Posa mbili zilikuja zikavunjika, ya kwanza kwa kuwa kijana alitaka aache kazi, ya pili hata hatukujua kwa nini. Kwa watu wetu hilo ni tatizo. Ukienda arusini, wanawake humtazama msichana, halafu wanamtazama mama yake, halafu wananong'ona. Dada alikuwa hasemi, lakini kila sala nilimwona anakaa kwenye msala muda mrefu, na nilijua anaomba nini.

Ndipo akaja Jaifar, mhandisi wa barabara, mtaratibu. Alimtaka Nawar na Nawar alimtaka, jambo ambalo halitokei kila siku. Ilibaki mama yake tu, Bi Khawla, mwanamke wa kizamani anayejua kutazama. Kabla ya kuleta posa rasmi alitaka familia zikae pamoja, zile sahani moja. Sote tulielewa: Bi Khawla anakuja kumpima Nawar kwa kumpima mama yake. Akiridhika, kuna arusi. Asiporidhika, tumerudi kulekule.

Dada alitaka waje nyumbani Ghubra. Alishafua mapazia. Shemeji akasema la.

"Nyumbani kila mtu anaalikwa. Mie ntawapeleka khorini. Wakale mikizi wangu."

"Baba Nawar, nakuomba," dada akamwambia, na mimi nipo. "Siku hii moja tu. Bi Khawla ni mtu mzima, utamtia kwenye kile choo?"

"Wasiwasi wako huo, Masouda. Wazungu matajiri wanakitumia."

Akashinda, kama alivyoshinda siku zote, kwa kucheka na kutosikia.

Wenyewe walitangulia Jumatano, mimi nikawafuata Alhamisi asubuhi na gari langu dogo. Nikamkuta shemeji ameshavua, ndoo imejaa. Dada alishinda anapika: mikizi wa kukaanga, mikizi wa nazi, wali, achari ya ndimu. Aliosha wale samaki kwa siki, kwa ndimu, kwa chumvi, maji yakabadilishwa mpaka madumu yakaanza kwisha. Alasiri wakafika wageni: Bi Khawla, mumewe Mahfoudh, na Jaifar, pamoja na dada zake wawili. Bi Khawla alikaa mkekani kwa heshima, akasifu hewa, akasifu abaya ya Nawar. Nikaona dada anaanza kupumua.

Halafu wageni wakataka kutia udhu, na wengine walikuwa na haja zao, safari ya milimani si fupi. Wakaingia mmoja mmoja kwenye karavani. Mpaka sala inakwisha, tangi limejaa na harufu imeshuka ngazi, imekuja kukaa nasi mkekani. Bi Khawla alivuta ukaya wake puani kidogo, kwa adabu, kama mtu anayejikuna. Dada aliona. Shemeji akarukia usukani, akasema anakwenda mjini mara moja kwa yule mtu wake, akaondoka.

Gari lilipopinda ndipo dada akajipiga paji la uso. Halwa ilikuwa ndani ya karavani. Halwa, vikombe na dele la kahawa, vyote kabatini, bega kwa bega na choo. Na kwetu mgeni hapewi chakula kabla ya kahawa na halwa.

"Hamdiya, twende tumuwahi," aliniambia. "Nawar, mwanangu, kaa na wageni, tunarudi sasa hivi."

Tukaingia garini kwangu. Nilidhani tutamfukuza mpaka mjini. Hatukufika popote. Tulipozunguka kilima tu, nyuma ya mikoko, ng'ambo ya khori lilelile, tukaliona karavani limesimama ukingoni, kitako kimeelekea majini. Mpira mnene umetoka chini yake umeingia khorini, na maji pale yote yalikuwa buluu na vipande. Shemeji alikuwa amesimama pembeni ametupa mshipi, chambo cha mkate. Hakutuona, alitugeuzia mgongo. Na mikizi, ya Rabbi, mikizi walikuwa wamejaa pale kwenye mdomo wa mpira, midomo yao nje ya maji inafunguka na kufungika, inafunguka na kufungika, wanagombania.

Alivuta mmoja, akamtia ndooni. Akatupa tena.

Mimi nilifungua mlango wa gari nikatapika. Dada hakutapika. Alikaa na mikono magotini, akasema polepole, "Miaka saba." Kisha akasema, "Geuza gari. Wageni hawajala."

Njiani tulipanga. Mimi ndiye niliyetoa shauri: tuwaambie samaki wameungua, au paka kaingia, tuwamwage wote nyuma ya mawe, tule wali na achari na tuna ya kopo. Aibu ndogo kuepusha aibu kubwa. Dada akakubali kwa kichwa. Kama Mungu angetupa dakika chache tu, Nawar leo angekuwa na watoto wake.

Tuliporudi, sinia lilikuwa limeshateremshwa mkekani. Nawar aliona haya wageni kukaa mikono mitupu, kahawa hakuna, halwa hakuna, akapakua chakula. Jaifar alikuwa anamalizia mkizi mzima na anamsifu. Bi Khawla amelifinyanga tonge lake la wali na mnofu wa samaki, limefika kidevuni.

"Bi Khawla, usile!" dada akapiga ukelele. Akaruka kwenye mkeka na viatu vyake, yeye Masouda, akalinyanyua sinia kutoka mbele yao.

Bi Khawla ameshika tonge hewani.

"Kuna nini, bibi?"

"Samaki kaharibika," dada akasema. "Joto. Nimeona sasa hivi. Niwieni radhi."

Na hapo pangeisha. Bi Khawla alikuwa ameshalirudisha tonge, ameshaanza kusema si kitu, hutokea. Lakini karavani likaingia kwa honi, shemeji akashuka na ndoo mkononi, wale wapya bado wanapigapiga mikia. Akakuta sinia limenyanyuliwa. Nawar akamwambia, "Baba, mama anasema samaki kaharibika."

"Kaharibika vipi? Nimemvua leo asubuhi kwa mkono wangu!" Akaweka ndoo chini, akamnyang'anya dada sinia mbele ya watu, akalirudisha mkekani. "Bwana Mahfoudh, kuleni, bismillahi. Huyu mke wangu ana wasiwasi, anaosha hata sabuni."

Wageni wakacheka kidogo, kicheko cha kuokoa jahazi. Mkono wa Bi Khawla ukaenda tena kwenye sinia.

"Basi kula weye mwanzo, Baba Nawar," dada akasema.

"Mie nimeshiba."

"Kula tonge moja. Wageni waone."

"Masouda."

"Moja tu."

Hakula. Alisimama pale, Thabit wa Mikizi, akatazama sinia, akatazama bahari, akajifuta mikono kwenye dishdasha. Sote tulikuwa tunamngojea. Bi Khawla ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya upole, "Bwana Thabit, mbona huli?"

Akaanza kueleza. Ati khori ni maji, na maji mengi hayawi najisi, fikihi inasema hivyo, mradi hayakubadilika rangi wala ladha wala harufu. Ati hata mjini kila kitu mwisho wake ni baharini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya najisi. Mzee Mahfoudh akatazama ndoo, akatazama karavani, na nikaona uso wake unaelewa kipande kwa kipande.

"Anamwaga choo humo," dada akasema, "na anavua hapohapo. Nimeona kwa macho yangu sasa hivi. Sikuwa najua. Wallahi sikuwa najua."

Jaifar aliinuka akaenda nyuma ya gari lao, tukamsikia. Dada zake walikuwa wanalia huku wanajipangusa midomo. Bi Khawla alikosha mkono ule kwa maji ya kunywa, dumu zima, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akamshika dada bega, akasema, "Mungu akulipe, bibi." Wakapanda gari wakaondoka. Shemeji alibaki anawaita warudi, ati watachelewa kufika bila kula.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, kwa simu, kupitia jamaa wa kati. Hapana nasibu. Maneno mawili tu, ya kukataa kwa adabu, na kila mtu wetu kuanzia Maskati mpaka Dubai alikuwa ameshajua sababu. Jaifar mwenyewe hakupiga.

Nilikuwa jikoni Ghubra siku ile, tunachambua vitunguu thomu mimi na dada. Shemeji alikuwa nje anaosha karavani. Jumatano ilikuwa imekaribia. Ndiyo, alikusudia kwenda. Nawar akaingia, macho yamevimba, akaegemea friji.

"Umefurahi, mama?"

"Nifurahi nini, mwanangu?"

"Ungewaacha wale. Wangekula, wangesema mashallah, wangekwenda zao. Sisi tumekula miaka saba, nani kafa?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nawar!" nikamwambia. "Una kichaa?"

"Khalati, usiingilie." Hakunitazama hata kidogo, mimi mama yake mdogo. "Kinyaa kinapita, mama. Mtu huzoea. Weye si umemzoea baba?"

Dada aliweka kisu juu ya ubao, akanawa mikono, akaikausha. Akapanda juu. Alipoteremka alikuwa amevaa abaya na ana begi moja la nguo. Nawar akaanza kusema, "Mama, nimesema kwa hasira tu," na dada akambusu kwenye paji la uso, akampita.

"Washa gari, Hamdiya."

"Twende wapi, dada?"

"Kwako."

Tukampita shemeji na mpira wake wa maji na povu la sabuni. Akauliza tunakwenda wapi na chakula cha mchana kiko wapi. Nikaliondoa gari. Mpaka tunakaribia kwangu dada alikuwa amegeukia dirishani, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani analia, nikamwambia asitie maanani, mtoto ana uchungu, hakukusudia.

"Hakukosea," dada akasema. "Kinyaa cha khorini nimekitazama dakika mbili tu. Cha nyumbani nimekizoea miaka ishirini na nane."